Nguo Isiyokung'utwa

Ukitaka kuijua hospitali, usipande juu walikopaka rangi. Teremka ngazi za nyuma, zile zenye unyevunyevu, pita jenereta, pita mapipa, mpaka ufike kwenye mlango wa bati usio na kibao. Humo ndimo wanawake kumi na mmoja walimofua matapishi, makohozi na damu ya mji mzima tangu ile homa ya kifua ilipoingia. Na humo ndimo lilimobandikwa tangazo, limevishwa plastiki lisipate maji: NI MARUFUKU KUINGIZA NGUO ZA WAFANYAKAZI KWENYE MASHINE. Tangazo lilivishwa plastiki. Waliolisoma walivaa aproni zilizotoboka.

Mashine zilikuwa tatu. Kila moja ilimeza kilo hamsini kwa mkupuo mmoja, ikafua kwa maji ya kuchemka dakika arobaini na tano, na mlango wake ukishajifunga haufunguki hata uupige mateke, mpaka kazi iishe. Katika maji yale hakuna mdudu aliyetoka salama. Shuka la mtu aliyekohoa usiku kucha liliingia likiwa sumu, likatoka limetakata. Lakini sare ya mwanamke aliyelikumbatia shuka hilo kutoka kwenye toroli hadi kwenye mizani, na kutoka kwenye mizani hadi kwenye mashine, ilivuliwa saa tisa alasiri, ikatiwa kwenye mfuko wa nailoni, ikapelekwa nyumbani kufuliwa kwa maji ya bomba na kipande cha sabuni.

Sababu ilikuwa kilo. Hospitali iliilipa kampuni ya usafi kwa kila kilo iliyofuliwa, na kila furushi lilipimwa na kuandikwa daftarini kabla ya kuguswa na maji. Sare za wafuaji zilikuwa za kampuni, si za hospitali. Zikiingia mashineni zinakula maji, umeme na sabuni, na hakuna wa kuzilipia. Ndivyo alivyoeleza msimamizi wao, mtu mrefu waliyempa jina la Kanuni kwa kuwa hakuwahi kufungua kinywa neno hilo lisitangulie. Alieleza kwa upole kabisa, amesimama mlangoni, barakoa mbili usoni, moja juu ya nyingine. Ndani hakuingia. Tangu homa ianze, Kanuni aliisimamia kazi yote akiwa kizingitini.

Aliyekuwa ameuliza siku hiyo aliitwa Kamua. Jina lilitokana na mikono yake: shuka akilikamua yeye, ukilitundika halidondoshi tone. Hakuwa msemaji. Aliuliza tu kama hata mwisho wa zamu, mashine ya mwisho ikiwa na nafasi, wangeweza kutia sare zao.

"Kanuni ni kanuni, mama," alijibiwa. "Kwani nyumbani hamfui?"

Chumvi, mwenzake wa karibu, ambaye ulimi wake haukuwahi kulala njaa, alisema wanafua, bosi, tena na watoto wamewazunguka. Kanuni alicheka kidogo kana kwamba ameambiwa mzaha, akaenda zake.

Mafurushi yaliteremshwa na mchukuzi wa toroli, kila moja na kibandiko cha namba ya kitanda na kamba ya rangi yake. Kamba nyeupe maana yake shuka limebadilishwa tu, mwenyewe yupo. Kamba ya kijani maana yake mgonjwa kapona, karudi kwao. Kamba nyeusi maana yake kitanda kizima kimevuliwa, shuka, foronya, blanketi na mpira wa godoro, na aliyekilalia hakurudi kwao. Wale wanawake waliijua idadi ya maiti kabla ya redio. Mwezi wa kwanza walikuwa wakiona kamba nyeusi wanasema maskini. Mwezi wa tatu walisema tu, mashine gani iko tupu?

Siku moja wakubwa walikuja kuwashukuru wahudumu wa hospitali. Uwanjani kulitandikwa zulia, watu wakaitwa mashujaa mmoja mmoja, wakapewa vyeti na soda. Kutoka chini Chumvi aliuliza kama nao wapande. Kanuni akawaambia hawamo kwenye orodha, wao ni wa kampuni, tena watapeleka harufu. Basi wakasikiliza makofi kupitia kitundu cha hewa, mikono yao ndani ya glavu za wiki iliyopita. Chumvi naye akapiga makofi, maji yakamrukia usoni, akaporomosha matusi ambayo siyaandiki hapa.

*

Nyumbani kwa Kamua palikuwa na chumba kimoja kilichogawanywa kwa pazia. Upande huu alilala yeye na mumewe, upande wa pili mama mkwe. Uani kulikuwa na milango sita na bomba moja.

Wiki ya pili ya homa, wapangaji walikaa kikao, na Kamua akaitwa kuambiwa uamuzi. Si kwamba wanamchukia, walisema, jirani ni ndugu, lakini kwa ile kazi yake itabidi alifuate bomba baada ya magharibi, watu wote wakishachota. Aliyeongea alikuwa mama wa mlango wa tatu, ambaye Kamua alimjazia chupa ya mafuta ya kupikia mara tatu na hakurudishiwa hata tone. Kamua alisema amesikia.

Kuanzia hapo sare yake ilifuliwa gizani na kuanikwa gizani. Ilikuwa moja tu. Ya pili iliahidiwa, ilikuwa njiani kwa mwezi wa nane sasa, sijui ilikuwa inatembea kwa magoti. Alfajiri aliivua kambani ikiwa bado mbichi, akaivaa hivyohivyo, akatoka anatetemeka. Na kila alipotoka, upande wa pili wa pazia kulikuwa na mtu macho, anasikiliza meno yake yakigongana.

Mama mkwe alikuwa amefua nguo za watu miaka thelathini. Mumewe alipofariki alimlea mwanawe wa pekee kwa beseni na sabuni, mpaka akawa fundi uashi. Kamua alipoletwa pale akiwa bibi harusi hajui hata kutenganisha nguo nyeupe na za rangi, bibi huyo ndiye aliyemfundisha, tena kwa ukali. Somo la kwanza lilikuwa kukung'uta. Kabla nguo haijaona maji, pekua mifuko, kisha ishike mabegani, ikung'ute mara tatu mpaka ilie. Hapo mchanga utatoka, sindano itatoka, barua ya kimada itatoka. Bibi alisema mambo yote ya mtaa aliyajulia mifukoni. "Nguo isiyokung'utwa haijafuliwa," alimwambia mkamwana wake, "imeloweshwa tu." Ni mafunzo hayo yaliyompatia Kamua kazi ya hospitali, na ni kazi hiyo iliyowalisha wote watatu tangu fundi uashi aketi nyumbani, kwa maana hakuna aliyejenga.

Kwa habari ya mfuko wa nailoni, walikuwa wamekubaliana. Unatundikwa msumarini nje ya mlango, umepigwa mafundo matatu, na hakuna mkono wa kuugusa ila wa Kamua. Bibi alisikia. Alisema, "Nimesikia, mwanangu, mimi si kiziwi."

Halafu wafuaji wawili wakaugua. Kanuni akasema kanuni ya dharura ni waliopo wabebe ya wasiokuwepo. Kamua aliingia kazini alfajiri ya Jumanne akatoka Jumatano saa sita mchana. Alitundika mfuko msumarini, akaoga, akaanguka kitandani bila kula.

Kilichomwamsha ni sauti aliyoijua kuliko jina lake. Pa! Pa! Pa!

Alitoka mbio, hana viatu. Nyuma ya nyumba, mbali na bomba la watu, bibi alikuwa amejitengea ndoo mbili za maji yake mwenyewe. Mikono ya gauni ameikunja, sare ameishika mabegani, ameinyanyua usawa wa uso.

"Mama," Kamua alisema.

"Umeamka? Rudi ukalale. Jua lipo bado, itakauka kabla ya magharibi."

"Mama, nilikuomba usiiguse."

"Uliniomba, ndiyo. Na mimi kila alfajiri nakusikia unatoka na nguo mbichi mgongoni. Nilikuchukua kwenu mzima. Ukipata ugonjwa wa baridi nitawaambia nini?"

Kamua aliuliza, kwa sauti ya mtu anayejua jibu, "Umeikung'uta?"

Bibi alimtazama kwa namna ya mtu aliyevunjiwa heshima. "Kwani nimeanza kufua leo?"

*

Siku ya sita bibi alianza kukohoa. Siku ya nane hakuweza kumaliza sentensi bila kupumzika katikati, na yeye alikuwa mtu wa sentensi ndefu. Mumewe Kamua alimbeba mgongoni hadi barabarani, wakapata gari la mizigo lililokubali kuwachukua nyuma.

Kwa mara ya kwanza Kamua aliingia hospitali ile kwa mlango wa mbele. Muuguzi aliyevaa nguo nyeupe za kutupa, za kuvaa mara moja tu, alijaza fomu: umri, mtaa, siku za homa. Akauliza kama mgonjwa amekutana na mtu yeyote mwenye maradhi.

"Hajakutana na mtu," Kamua alisema. "Amekutana na sare yangu. Mimi ni mfuaji, huko chini."

Muuguzi aliinua kichwa, akauliza sare inafuliwa wapi, akajibiwa. Akayaandika maneno yale yalivyo. Bibi akapewa kitanda cha kumi na saba. Wageni hawaruhusiwi. Wakati kiti cha magurudumu kinageuzwa, bibi aligeuza shingo akamwambia mkamwana wake asisahau kuanua nguo, mawingu yanakuja.

Jioni ile fundi uashi hakula. Alikaa ukingoni mwa kitanda cha mama yake, na aliposema, alisema polepole, tena bila kumtazama mkewe. Alisema Kamua angeiacha huko huko hiyo sare, hata chooni, hata jalalani. Alisema, "Umemletea mama yangu kifo kwenye mfuko wa nailoni."

Tazameni mambo yanavyopangwa. Kampuni inaokoa kikombe cha sabuni, halafu mume na mke ndio wanaotafunana. Msimamizi ameoga, amelala na mkewe kwenye shuka safi; huku chini mwanamke anahesabiwa kuwa muuaji kwa sababu alishikwa na usingizi.

Kwa sheria ya karantini, Kamua alipaswa kukaa nyumbani siku kumi na nne, bila malipo, maana malipo ni kwa kilo na aliye nyumbani hana kilo. Lakini wafuaji watatu sasa walikuwa kitandani na mafurushi yalikuwa yanakaribia dari. Basi Kanuni akaikunja kanuni yake akaitia mfukoni, akampigia simu siku ya pili: kama huna homa, njoo. Akaenda. Mlango wa tatu walimwona akitoka, wakafunga dirisha.

*

Juu hakuruhusiwa kupanda, lakini mashuka yalishuka. Asubuhi ya kwanza furushi la kumi na saba lilifika na kamba nyeupe, na Kamua alipoiona alikaa chini kwenye ndoo iliyopinduliwa. Nyeupe. Mwenyewe yupo. Alilifua lile shuka peke yake, hakutaka mtu amsaidie.

Kesho yake mchukuzi wa toroli alikuja anacheka chini ya barakoa. Alisema kuna bibi kitanda cha kumi na saba kauliza ni nani anayefua mashuka ya hospitali hii. Kaambiwa ni watu wa chini. "Anasema niwaambie sabuni haijatoka, linawasha. Msuuze mara mbili."

Chumvi alicheka mpaka akashika ukuta, na wengine wote wakacheka, kicheko cha kwanza baada ya miezi, na Kamua alicheka huku machozi yanaingia ndani ya barakoa. Alilitoa shuka mashineni, akalisuuza tena kwa mkono, maji mawili, akalikamua mpaka likalia.

Siku ya tatu mchukuzi alileta jibu: bibi amesema sasa hapo. Ila anauliza, huyo aliyelifua, amekula?

"Mwambie amekula," Kamua alisema. Hakuwa amekula.

Siku ya nne jibu lilikuwa fupi. Wamemwekea mashine ya kupumulia, hasemi. Ila alipotandikiwa shuka alilivuta hadi puani akalinusa, akafumba macho. Kamba bado ilikuwa nyeupe.

Siku hiyohiyo Kanuni alimwita mlangoni. Mkononi alikuwa na karatasi, na chini ya kwapa alikuwa na kitu kilichofungwa kwenye plastiki mpya. Alieleza kwamba maneno aliyomwambia muuguzi yamefika kwa wakubwa wa hospitali, na wakubwa wa hospitali wameiuliza kampuni, na kampuni mwezi ujao inaomba mkataba mwingine, kwa hiyo anaona mwenyewe maneno ya mtu mmoja yanavyoweza kuwaharibia wengi. Karatasi ilikuwa na mistari minne. Ilisema kwamba yeye, mfuaji, anakiri ugonjwa wa mkwe wake umetokana na uzembe wake wa kutofuata utaratibu wa usafi nyumbani, na kwamba kampuni haihusiki.

"Ukitia sahihi, kazi unayo," Kanuni alisema. "Na sare ya pili hii hapa, mpya. Usipotia, kanuni iko wazi. Wanaoitaka kazi hii wamejaa getini."

Kamua aliitazama sare. Ilikuwa na mikunjo ya dukani.

"Hii nayo nitaifulia wapi?"

"Nyumbani, mama. Kama kawaida." Akamwachia karatasi, akampa hadi kesho saa tisa, akaondoka na sare yake kwapani.

Jioni, gizani kando ya bomba, kabla ya kuilowesha sare Kamua alinyoosha mkono, ukaenda wenyewe mfukoni. Karatasi ikatoka. Alinawa, akaingia ndani, akampa mumewe. Fundi uashi aliisoma chini ya taa, akaisoma tena. Tangu yale maneno yake walikuwa wanaongea ya lazima tu: maji yapo, mlango umefungwa. Sasa akasema atie sahihi. Wamebakiwa na nini? Mchele wa siku tatu. Mama akitoka atahitaji uji wa maana, na karatasi haiui wala haiuguzi.

Kamua alisema sawa.

Mumewe aliendelea kuishika karatasi. "Hapa pameandikwa uzembe."

"Ndiyo."

"Aliyefua siku ile ni mama."

"Ndiyo."

"Mama yangu hajawahi kuwa mzembe na nguo ya mtu." Aliiweka karatasi mezani, akailaza vizuri kwa kiganja kana kwamba inaweza kuruka. Kisha akasema, bila kuinua macho, "Wala wewe. Fanya utakavyoona." Alikuwa ameanza kulia na hakutaka aonekane, basi Kamua akatoka nje akaenda kuimalizia ile sare.

*

Siku iliyofuata toroli ilichelewa. Ilipofika, mchukuzi hakuleta habari yoyote. Aliyapakua mafurushi upesi, akatazama sakafu, akasukuma toroli yake tupu akaenda. Chumvi ndiye aliyeliona kwanza. Alilisogeza kwa mguu, akalitupia jingine juu, na jingine tena, kisha akaanza kuongea kwa sauti kubwa juu ya bei ya vitunguu.

Kamua hakuwahi kumsikia Chumvi akiongelea vitunguu. Alikwenda akaondoa furushi la juu, akaondoa la pili. Kumi na saba. Kamba ilikuwa nyeusi.

Alikwenda kizingitini na kumwambia Kanuni kwamba mama yake amefariki, anaomba aende juu. Kanuni aliuliza ni nani aliyemwambia. Kamua alisema kamba. Kanuni akasema, pole sana, lakini kanuni ni kwamba taarifa hutolewa na wodi, kwa simu, kwa mkuu wa familia. Yeye kamba haitambui. Maiti wa homa hii hawaonyeshwi mtu kwa vyovyote. Asubiri zamu iishe, zimebaki saa mbili tu. Na ile karatasi asiisahau.

Saa mbili tu. Alirudi ndani akalipima furushi la mama mkwe wake: kilo sita. Akaliandika daftarini, maana bila kuandikwa halifuliwi. Wenzake walitaka kulichukua, akawakatalia kwa kichwa. Alifua shuka, foronya na blanketi la kitanda cha kumi na saba, akavisuuza mara mbili, akavikamua. Hakulia. Chumvi alilia kwa niaba yake, wazi kabisa, anafua huku anatukana kampuni, anatukana mizani, anatukana aliyevumbua kilo.

Saa tisa kengele ikalia. Wanawake wanane waliobaki walivua sare, wakavaa nguo zao za nyumbani, kila mmoja akachukua mfuko wake wa nailoni ukutani. Hapo ndipo Kamua aliposema, na hakupandisha sauti.

"Leteni."

Walimtazama. Alikuwa amesimama kando ya mizani, sare yake ameshaiweka juu ya bamba.

"Leteni zenu zote. Leo hakuna sare inayokwenda kwa mtoto wa mtu."

Chumvi alitupa yake kabla sentensi haijaisha. Wa pili akasita, ana watoto wanne na mume hana miguu, akaitazama kamba nyeusi iliyokuwa imebaki sakafuni, akatupa. Wengine wakafuata. Kamua alisoma mizani, akafungua daftari, na chini ya mstari wa mwisho akaandika kwa herufi kubwa, bila haraka: SARE ZA WAFUAJI, NANE, KILO SABA NA NUSU. Akazikumbatia, akazitia mashine ya kwanza, akamimina sabuni, kipimo kamili na kingine juu yake. Akabonyeza. Kufuli likasema ka.

Kanuni alikuwa amefika kizingitini kuchukua karatasi yake. Alipoona mashine inaanza kuzunguka na wanawake wanane wamesimama mikono mitupu, alisahau alichokuwa anakiogopa. Kwa mara ya kwanza baada ya miezi mitatu aliingia ndani, viatu vyake vikakanyaga maji waliyokanyaga wao kila siku.

"Ni nini kile?"

"Kilo saba na nusu," Chumvi alisema. "Zimeandikwa."

"Fungua."

"Haifunguki, bosi," Kamua alisema. "Dakika arobaini na tano. Ulitufundisha mwenyewe."

Kanuni aliuvuta mlango wa mashine. Akauvuta tena. Akasema wote wamefukuzwa kazi, wote wanane, kuanzia sasa hivi, na hakuna aliyesogea. Maji yalishaanza kupata moto, kioo kilikuwa kinaingia ukungu, na nyuma yake sare zilikuwa zinapinduka taratibu, mikono juu, mikono chini. Nyuma yao mafurushi ya kesho yalikuwa yamefika dari. Kanuni aliyatazama, akawatazama, akahesabu kwa macho. Sauti ikashuka.

"Haya. Hayo tutayaongea. Wewe nipe ile karatasi. Umetia sahihi?"

"Iko mfukoni."

"Mfuko upi?"

Kamua alimwonyesha kwa kidevu. Ndani ya kioo kipande cheupe kilijibandika, kikachanika, kikawa uji, kikaondoka na povu. Tangu aingie nyumba ile akiwa bibi harusi asiyejua kazi, hiyo ndiyo nguo ya kwanza aliyoifua bila kuikung'uta.